Mguu wa Kushoto

Watu wazima wakikutana kuzungumzia shule yao ya msingi, kaa mbali usije ukacheka vibaya. Kila mmoja alikuwa wa kwanza darasani, kila mmoja alichapwa bila kosa, na ule uji uliokuwa ukielea wadudu umegeuka kuwa mtamu kuliko pilau la harusi. Ndivyo lilivyokuwa kundi la WhatsApp la wana Mbawala Juu, tangu kamati ilipotangaza kwamba shule ya mtaa wao pale Songea inatimiza miaka hamsini. Walikumbuka matunda pori ya masuku waliyookota njiani. Walikumbuka mchakamchaka wa alfajiri, na kinyesi cha ng'ombe walichobeba kila Ijumaa kwa ajili ya kusiriba sakafu. Walilia kwa raha, wakatumiana vikopa.

Halafu Ramson, mwenyekiti wa kamati, akaandika: "Nani anakumbuka kubeba watoro?"

Vicheko vilimiminika siku mbili nzima. Valence, aliyekuwa ofisini kwake Dodoma, aliizima simu akaitia kwenye droo.

Kubeba watoro, kwa asiyejua, ilikuwa kazi ya heshima. Mwalimu akiita majina asubuhi na mtu asiitike, wavulana wanne wenye nguvu walitumwa kwao. Wakimkuta hawakuwa na maswali. Wawili walishika mikono, wawili miguu, na mtoro akaletwa msobemsobe huku akiimbiwa, "Mtoro kapatikana, mwalimu tumemleta!" Kila mtoro alidai anaumwa. Kwa hiyo hakuna mtoro aliyeaminiwa.

Mwaka themanini na tisa, darasa la sita, wabebaji walikuwa Ramson, Shukuru, Daimu na Valence. Asubuhi moja ya msimu wa kupanda, jina la Yohanes liliitwa bila jibu. Yohanes alikaa dawati moja na Valence. Waligawana penseli kwa kuikata katikati. Walimkuta kwao, amelala kwenye mkeka, kajifunika kitenge cha mama yake hadi machoni kwa sababu mwanga ulimuumiza. Mama alikuwa shambani. Dada yake Asumpta, wa miaka kumi na minne, aliyeachwa kumuuguza, alikuwa ameenda kisimani.

"Naumwa," Yohanes alisema.

Wakacheka. Valence alishika mguu wa kushoto, na mguu ule ulikuwa unachoma kama sufuria lililotoka jikoni. Alijua pale pale. Hakuna haja ya kumtetea kwamba alikuwa mtoto, kwa sababu hata mtoto anajua moto. Lakini Ramson alikwishaanza kuimba, na wimbo ulikuwa umenoga.

Yohanes alipigishwa magoti chini ya mlingoti wa bendera. Saa nne akaanguka. Siku ya tatu alifia hospitali, wakasema ni homa ya uti wa mgongo.

Mwalimu mkuu aliwapanga wanafunzi mstarini akawaambia kwamba Yohanes alikuja shule mwenyewe, kwa miguu yake, kwa kupenda masomo, na atakayesema vingine atajuta kuzaliwa. Watoto mia nne wakameza. Mwalimu yule alikwisha kufa zamani, na alizikwa kwa hotuba nzuri.

Asumpta peke yake ndiye hakumeza. "Walimbeba," alisema. Siku ya kuanua matanga mama yake akamshika mkono, wakapita nyumba kwa nyumba kwa wale wavulana wanne. Watatu walikana. Wakamalizia kwa Valence, kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu, na mama aliamini rafiki hawezi kusema uongo. Alimwuliza mbele ya baba yake, uani.

"Valence mwanangu, mlimbeba?"

"Alikuja mwenyewe, mama."

Asumpta hakulia wala hakubisha. Alimtazama tu, hadi Valence akainamisha macho kwenye vidole vya miguu yake.

Mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na yule mwanamke alikuwa Mama Asumpta kwa miaka kumi na minne. Kuanzia siku ile alikataa kuliitikia jina hilo. "Niiteni Mama Yohanes," alisema. "Huyu mwingine alimwacha mdogo wake peke yake, kisha akawasingizia watoto wa watu." Kabla mwaka haujaisha Asumpta alidandia lori la kwenda Tunduru. Hakurudi.

Sasa, miaka thelathini na sita baadaye, kamati ya Ramson ilikuwa imebuni Tuzo ya Yohanes, ya mwanafunzi asiyekosa shule. Mama Yohanes ndiye angeikabidhi. Valence angesoma maneno machache kuhusu mtoto aliyependa shule hadi akaenda akiwa mgonjwa. Na kwa kuwa miguu ya mama ilikuwa imekwisha kwa uzee, wanafunzi wa zamani wangemfuata nyumbani na kumbeba kwenye kiti kama malkia, wakiimba ule wimbo wao wa zamani wenye maneno mapya.

Valence alifika Songea siku moja kabla ya sherehe, akaenda moja kwa moja dukani kwa Ramson, aliyekuwa akipima misumari. Shukuru alikuwa ughaibuni, Daimu alikwishafariki. Walibaki wao wawili.

"Lazima tumwambie yule mama," Valence alisema.

Ramson aliongeza misumari miwili kwenye mizani. "Tulikuwa watoto, Vale. Tulitumwa."

"Alipokuja kutuuliza hatukutumwa."

"Haya. Mwambie." Ramson alifunga misumari kwenye gazeti. "Yule bibi ana faraja moja tu duniani, kwamba mwanawe aliipenda shule. Ukishamnyang'anya, wewe utarudi Dodoma ulale usingizi. Yeye atalala wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Watu wabaya hawakunyimwa maswali mazuri. Valence aliondoka bila jibu, akalitafuta hadi asubuhi, akalikosa, akaenda kwa mama hivyo hivyo.

Alimkuta barazani, kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono, amevaa kitenge kipya ambacho kamati ilimshonea. Alikuwa amejipaka mafuta, uso unang'aa. Valence alipoona vile alitamani kukimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Valence wangu! Njoo, kaa. Kuna togwa humo ndani, jimiminie." Alimshika mkono hakutaka kuuachia. "Leo mwanangu anatajwa mbele ya mkuu wa wilaya. Unaona Mungu?"

Valence hakunywa togwa. Alisema yote akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtoto aliyekaririshwa shairi: mkeka, kitenge, wimbo, mlingoti, na jibu alilompa uani kwa baba yake. Alipomaliza, mama alikuwa bado ameushika mkono wake. Kisha akauachia, kidole kimoja kimoja.

"Ulishika wapi?"

"Mguu wa kushoto, mama."

"Ulikuwa wa moto?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini?"

Valence aliliogopa swali hilo kuliko yote. Angeweza kusema amesahau. Nusu ya watu wa Mbawala Juu walikuwa wamesahau, na walikuwa wanene na wenye afya.

"Alisema, mwambieni Asumpta nimepelekwa."

Mama alitazama njia ya kisimani. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za mbolea.

"Mwaka jana, mwezi wa tano, nilipigiwa simu kutoka Nakapanya, kule Tunduru. Mtoto wa Asumpta, anaitwa Mwanaisha. Hata sura yake siijui. Akasema, bibi, mama yuko taabani, hataki dawa, hataki nini, anataka uje umwambie neno moja tu, kwamba unamwamini. Unajua nilimjibu nini?"

Valence alitikisa kichwa.

"Nikamwambia, mwambie mama yako aache uongo kwanza. Wakamzika Jumanne. Sikwenda."

"Nisamehe, mama." Valence alipiga magoti pale pale, na suruali yake ya sherehe.

"Kumbe ndicho ulichofuata." Alimtazama kwa chuki safi, isiyo na haraka. "Inuka, unachafua nguo. Msamaha kamwombe Asumpta. Mimi ninaye wangu wa kumwomba, na ni huyo huyo, na hayupo. Miaka yote hii nimekaa na uongo wako kama mboni ya jicho, nikamtupa mwanangu aliye hai. Mngekuja hata mwaka juzi, Valence! Hata mwaka jana, mwezi wa nne!"

Maji yakimwagika hayazoleki, na Valence alikuwa amekuja na ndoo.

"Mimi huko shuleni siendi," mama alisema. "Wewe nenda. Simama mbele yao na hicho kipaza sauti, useme kama ulivyoniambia mimi. Useme Asumpta alikuwa mkweli. Utasema?"

"Nitasema, mama."

"Na mimi usiniite tena Mama Yohanes."

"Ndiyo, Mama Asumpta."

Uso wake ulikunjamana aliposikia jina lile. Pengine angelia. Hakupata nafasi, maana wimbo ulikwishakata kona.

Walikuja zaidi ya thelathini, fulana za njano, vitambi mbele, wakipiga makofi kwa furaha ambayo mtu huwa nayo mara moja tu kwa miaka hamsini. "Mama kapatikana, mwalimu tunamleta!" Ramson alikuwa kinara, jasho linamtiririka. Vumbi likajaa uani. Kabla Valence hajageuka vizuri, watu walikuwa wamekizunguka kiti.

"Siendi," mama alisema. "Niacheni."

"Mama anaona haya!" mtu akapiga kelele, wakacheka.

"Nishusheni. Naumwa."

Wakacheka zaidi, maana hilo ndilo neno la watoro wote, na mama alikuwa amelipatia kweli kweli. Wengine walifuta machozi. Simu ziliinuliwa juu kupiga video. Ramson alishika mguu wa kulia wa kiti, mbele, akamwona Valence amesimama kando na magoti yenye vumbi. Akaelewa kila kitu. Ramson hakuwa mjinga.

"Vale!" aliita, akitabasamu kwa ajili ya video. "Wa kushoto huo, nafasi yako ya zamani! Mkuu wa wilaya ameshafika!"

Valence alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, ameyasema dakika chache tu zilizopita, hayakuwa hata mengi. Kiti kiliinuliwa kwa miguu mitatu tu, kikalala upande wake, na yule bibi akaanza kuteleza. Mkono wa Valence ukashika kabla moyo haujaamua. Baadaye angejiambia kwamba alimzuia asianguke, na ingekuwa kweli. Lakini mtu anayezuia kiti kisianguke anaweza pia kusema kishusheni, na yeye hakusema.

Wakatoka uani. Kiti kilikuwa chepesi, bibi alikuwa mifupa na kitenge. Watoto wa shule walijipanga kando ya njia, wakiangalia babu na bibi zao wakicheza kama wendawazimu. Mama hakupiga kelele tena. Alikaa ameshika mikono ya kiti, na walipofika pale njia inapoachana na ya kisimani, aliinama upande wa kushoto hadi pumzi yake ikamgusa Valence sikioni.

"Mwambieni Asumpta nimepelekwa," alisema.

Wengine hawakusikia, wimbo ulikuwa umenoga. Valence alisikia kila neno, akaendelea kutembea, kwa sababu wote walikuwa wanatembea.