Nakala ya Baba

Daktari wa vinasaba aliwaambia waje saa tatu, na saa tano ilikuwa imepita nao bado wako kwenye benchi la korido, watu watatu waliochoka hoi: mama wa mtoto, baba wa mtoto, na bibi. Bibi alikaa pembeni kabisa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mkwe wake. Hakuna aliyemwambia akae mbali. Alijiweka mwenyewe, kwa sababu siku kumi nyuma nusura amuue mjukuu wake kwa maharage.

Tuseme ukweli, hakukusudia. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na minane, na wanafunzi walimbandika jina la Upawa, nalo likamfuata hadi kustaafu. Upawa hakuwa na mchezo jikoni, lakini alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko sheria zote za mwalimu mkuu: mtoto anapakuliwa mpaka aseme basi. Aliamini tumbo la mtoto linajua kipimo chake, na katika miaka yote hiyo halikutokea tumbo la kumdanganya.

Halafu akazaliwa huyu mjukuu. Uchangani alikuwa legelege, hata kunyonya kulimshinda. Alipotimiza miaka mitatu akaanza kula, na hakuacha tena. Sasa alikuwa na miaka saba na uzito wa msichana wa kumi na tatu. Mama yake, mshonaji wa kiwandani, alitia kufuli kwenye kabati, kisha kwenye friji, mwishowe kwenye mlango wa jiko wenyewe. Upawa alipohamia kwao ili akae na mtoto wazazi wakiwa kazini, zile kufuli zilimchemsha damu. Alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, kwamba mwanamke anayemfungia mtoto chakula ana lake jambo. Na ulafi huo umetoka kwao huyo mwanamke, maana katika ukoo wa mwanawe hakuna mtu wa namna hiyo. Aliyasema hayo mwaka mzima, na kila alipoyasema alitia chumvi kidogo. Mkwe alikuwa anarudi kutoka zamu miguu imevimba, hana nguvu ya kugombana na mtu.

Basi Jumamosi ile Upawa aliachiwa ufunguo ili apashe moto chakula kilichopimwa. Mtoto akasema ana njaa. Upawa hakupasha kilichopimwa. Aliinjika sufuria nzima ya maharage, akamkalisha mtoto mezani, akamwambia ale, na akishiba aseme. Akapakua. Akapakua tena. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu astaafu, na kila sahani ilipokwisha alisubiri neno moja tu. Kwenye sahani ya saba mtoto alikuwa anahema, tumbo limekaza kama ngoma, hata kutapika hatapiki, na bado amenyoosha sahani. Hospitali walimtia mpira puani, wakamlaza siku kumi. Daktari wa zamu alisema tumbo lilibakiza kidogo lipasuke, na alikuwa akimwangalia Upawa aliposema hivyo.

Saa tano na robo wakaitwa. Majibu yalikuwa ya damu iliyotolewa miezi miwili kabla, baada ya mkwe kuzunguka kliniki moja hadi nyingine akiambiwa ampunguzie mtoto mkate. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye macho ya mtu ambaye hajapata likizo, aliwaeleza taratibu. Kila chembe ya mwili, alisema, ina uzi wa vinasaba wa kama mita mbili, na chembe yenyewe haionekani kwa macho. Ili uenee humo, uzi unazungushwa kwenye vifundo vya protini, unakunjwa, unakunjwa tena. Palipolegezwa, mwili unasoma. Palipobanwa hausomi, ingawa maandishi yapo yote. Juu ya uzi kuna alama ndogo za kemikali zinazosaidia kuamua pafungwe wapi na pafunguliwe wapi, na alama hizo zikienda kombo mtu anaweza kuugua bila herufi hata moja kupotea. Mkwe alikuwa anafuata kila neno, kwani mambo ya uzi hakuhitaji kutafsiriwa.

"Kila sehemu tunayo mara mbili, nakala ya mama na nakala ya baba," daktari alisema. "Nyingi zinasomwa zote. Lakini kuna kipande kimoja ambacho nakala ya mama hufungwa. Kwa kila mtu, hata kwangu. Mwili unategemea ya baba peke yake. Na kwa mtoto wenu, ya baba haipo. Ilikatika kabla mimba haijatungwa. Ni bahati mbaya, hakuna aliyekosea."

Baba mtu aliuliza kama ile ya mama haiwezi kufunguliwa, madhali ni nzima. Daktari akasema watafiti wanahangaika nayo maabara, lakini dawa ya kumpa mtoto leo kwa kazi hiyo hana. Kuna sindano za homoni za kumsaidia kukua, na kuna kupima chakula, maisha yake yote.

Upawa akaegemea meza.

"Daktari, mama yake humwambia ameshakula, aache uongo. Kwa hiyo njaa yake ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Tumbo likijaa, ubongo haupati habari. Sidhani kama anajua kushiba ni nini."

Upawa alirudi nyuma kwenye kiti. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na huzuni nzito kuliko aibu yenyewe. Alikuwa amelisha maelfu ya watoto, na huyu wa damu yake ndiye ambaye chakula hakingemsaidia kitu.

Korido ilikuwa ndefu kuelekea wodini, walikokwenda kumchukua mtoto aliyeruhusiwa siku hiyo. Upawa alijua kinachomstahili. Nakala ya mkwe ilikuwa nzima, iliyokatika ilikuwa ya mwanawe, na mwanawe mwenyewe alitembea akitazama viatu vyake. Mwanamke mwingine angelisema hilo mbele ya wauguzi wote, na angekuwa na haki. Upawa akasubiri, na neno hilo lilipokosa kuja akaanza yeye.

"Nilikusema vibaya, mwanangu."

"Ulinisema," mkwe akakubali. Akatembea hatua kadhaa. "Mama, kesho naingia asubuhi. Kazini wamenivumilia siku kumi, ya kumi na moja hawanipi. Sina mwingine wa kumwachia."

"Na utaniamini?"

"Nimechoka, Mama. Nakuomba tu usimpe."

Kesho yake mtoto alikula saa moja, kilichopimwa, na kingine kilikuwa cha saa nne. Saa mbili na nusu alikuja kusimama mbele ya bibi yake.

"Bibi, nina njaa."

Ulimi wa Upawa ulishaanza kusema umekula sasa hivi. Akalimeza neno.

"Najua, mjukuu wangu. Sikupi."

Mtoto alilia. Alipiga mlango wa jiko kwa mateke, akajitupa chini, akamwambia bibi yake kuwa hampendi. Upawa aliona bora angepigwa yeye. Akashuka sakafuni kwa shida, goti moja kisha la pili, akaegemea mlango huo huo kwa mgongo ili yeye mwenyewe asije akaufungua. Robo saa ikapita. Kilio kikawa kwikwi.

"Mimi si mwongo," mtoto alisema.

"Si mwongo. Una njaa kweli."

Mtoto akageuka kumtazama vizuri, uso umelowa machozi na kamasi.

"Kumbe unajua?"

"Najua."

Akajivuta mpaka akamfikia, akalaza kichwa kwenye paja la bibi yake. Ilikuwa imebaki zaidi ya saa nzima kufika saa nne.