Kipimo cha Themanini na Nne

Jumatatu saa nane na dakika kumi mchana, msichana wa kidato cha nne aliandika jina lake kwenye daftari lililoning'inia mlangoni pa chumba cha mazoezi namba tatu, akaingia, akafuta vumbi kwenye vitufe vya piano kwa kiwiko cha sweta, akaketi. Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo na bado kilinuka mipira. Alikuwa na dakika arobaini. Alifungua kitabu cha noti ukurasa wa kumi na tisa, akaweka kidole gumba cha mkono wa kushoto mahali pake katikati ya piano. Kisha akakifungua kidole kidogo cha mkono huohuo, ambacho alikuwa amekizungusha kwenye kifundo cha mkono kama saa, akakinyoosha kuelekea kitufe cha mwisho kabisa upande wa besi, karibu na ukuta. Kikafika. Ijumaa iliyopita kilikuwa kimebakiza upana wa ukucha.

Bwenini walimwita Waya.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila mwaka yalifanyika mashindano ya piano ya vijana wasiozidi miaka kumi na saba, na mshindi mmoja, mmoja tu, aliahidiwa nafasi katika chuo cha muziki. Wimbo wa lazima ulikuwa uleule mwaka hadi mwaka: kurasa ishirini na sita za mtunzi aliyefariki miaka thelathini nyuma, za kupigwa mbio kana kwamba mpigaji anafukuzwa na nyuki. Noti hugawanywa kwa vistari vya kusimama, na kila chumba kati ya kistari na kistari huitwa kipimo. Vipimo themanini na tatu vya kwanza vilikuwa vya kutoa jasho, lakini vilipigika. Kipimo cha themanini na nne kilitaka mkono wa kushoto, peke yake, ubonyeze kwa pamoja kitufe kilichoko katikati ya piano na kingine kilichoko mwisho wake. Umbali huo ni karibu rula mbili za shule. Binadamu wa kawaida hafiki.

Watu walijaribu. Mshiriki mmoja alitumia pua. Mwingine alivua kiatu. Mwingine alijifunga rula kidoleni kwa utepe. Wote walikatwa alama, kwa sababu kitabu kiliandika mkono wa kushoto, na pua, baada ya majaji kujadiliana kwa saa moja na nusu, ilionekana kuwa si mkono. Kwa hiyo nafasi ya kwanza ilikuwa haijatolewa kwa miaka kumi na moja, tangu kitabu hicho kitoke, na nafasi ya chuo ilifungiwa kabatini pamoja na kombe. Mwenyekiti wa majaji alisema kiwango hakishushwi.

Waya alikuwa na miaka kumi na saba. Mwaka mwingine hakuwa nao. Alikitaka chuo kile kiasi cha kukiota hata akiwa macho, kwenye kipindi cha hesabu, mdomo wazi. Basi alikipiga kipimo cha themanini na nne kila siku kwa miezi saba, na katika mwezi wa pili kidole kikaanza kurefuka. Mwalimu wake wa piano alikipima, akaandika kwa kalamu nyekundu: "Maendeleo mazuri. Ongeza bidii." Shule nayo ilichukua hatua zinazostahili. Makamu mkuu alitoa tangazo kwamba wakati wa mtihani kidole kisivuke ukingo wa dawati la mwenyewe. Waya aliadhibiwa mara mbili tu: mara ya kwanza kwa kuzima taa ya bweni bila kutoka kitandani, mara ya pili kwa kumtekenya kiranja wa zamu gwarideni akiwa safu ya tatu.

Mama yake alikuwa fundi wa cherehani. Jumapili ya kutembelea wanafunzi alifika na futi yake shingoni.

"Haya, lete hicho kidole."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nimeshona makoti ya watu wenye matumbo kama ngoma, glavu ya kidole kimoja ndiyo nitashindwa? Tulia." Alipima mara mbili, akaandika kiganjani. "Na ukishinda, kitarudi?"

"Nikishinda nitaingia chuo, mama."

"Sikuuliza chuo. Nimeuliza kidole."

Mama alikunja futi yake, akamwachia ndizi.

Jumatano ya wiki ya mashindano, saa nane na nusu mchana, mtunzi marehemu aliingia chumba namba tatu. Alivaa suti aliyozikwa nayo, iliyokatwa mgongoni kama zikatwavyo suti za namna hiyo, akaketi juu ya boksi lenye nyavu za mpira wa wavu.

"Shikamoo, babu," alisema Waya.

"Marahaba. Endelea tu, nasikiliza."

Aliendelea. Kwenye kipimo cha themanini na nne mtunzi aliinua mkono.

"Hiyo noti ya chini umeitoa wapi?"

"Kwenye kitabu, babu."

"Kitabu cha nani?"

"Chako."

Mtunzi alivaa miwani, akasogea, akaukodolea macho ukurasa kwa muda ambao mtu angemaliza kunywa chai.

"Mjukuu wangu, mimi nilikuwa na vidole vifupi hivi. Tazama. Kama ndizi za chane ya mwisho. Ningeandikaje kitu nisichoweza kukipiga mwenyewe? Hii noti ilikaa huku juu, ubavuni mwa gumba. Mpanga chapa ameiangusha chini ya mistari kama kifungo cha shati, na hakuna aliyeinama kuiokota."

Waya aliipiga huku juu, ubavuni mwa gumba. Mtoto wa darasa la tano angeweza. Ile noti ilipoketi mahali pake, vipimo themanini na tatu vilivyotangulia vikawa na sababu ya kukimbia: vilikuwa vinakimbilia pale, na pale palikuwa patulivu, na patamu, kama mtu kutua mzigo kichwani mlangoni pa kwao. Aliirudia mara tisa. Kisha akafunga kifuniko cha piano taratibu mno, jinsi afungavyo mtu anayejizuia asikivunje.

"Miezi saba," alisema.

"Pole sana."

"Usinipe pole wewe. Wewe ulikuwa umekufa. Aliyesahihisha chapa ni nani?"

Waligeuza jalada. Jina lilikuwa pale chini ya jina la mtunzi, kwa herufi kubwa kuliko zake: la mwenyekiti wa majaji. Ni yeye pia aliyeandika kijitabu cha kurasa arobaini juu ya kina cha kiroho cha kipimo cha themanini na nne, na kila likizo aliendesha semina ya siku tatu juu ya kipimo hicho, na washiriki walipewa vyeti.

Asubuhi ya mashindano walimkuta akinywa chai katika chumba cha majaji. Alimtambua mtunzi mara moja, kwa kuwa picha yake ilitundikwa ukutani nyuma ya birika. Alimpa mkono, akampa kiti, akamwomba asaini kitabu cha wageni. Kwenye safu ya "Unakotoka" mtunzi aliandika "Makaburini," kwa mwandiko mzuri.

"Noti ile ni kosa la chapa," alisema mtunzi.

"Ninajua, mzee," alisema mwenyekiti, akakoroga chai.

Kijiko kiligonga kikombe mara nne.

"Nilijua mwaka wa tatu," aliendelea. "Lakini wakati huo kijitabu kilishatoka. Sasa ni miaka kumi na moja, mzee wangu, na watoto zaidi ya mia mbili. Nikisema leo ilikuwa nukta iliyoteleza, wale wote nitawaambia nini?"

"Utawaambia ilikuwa nukta iliyoteleza," alisema Waya.

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, kama daktari amtazamavyo mgonjwa anayeuliza maswali.

"Binti, wewe bado mdogo. Tena ni wewe wa kunishukuru. Hawa wote walisema haiwezekani, na wewe umeonyesha inawezekana. Hicho kidole chako ndicho kilichoniondolea mashaka niliyokuwa nayo. Panda jukwaani, piga kama ilivyoandikwa, kabati lifunguliwe. Nafasi ya chuo ni yako. Mimi mwenyewe nitakuvalisha nishani." Kisha akamgeukia mtunzi. "Na wewe, mzee, kwa heshima zote, toleo hili ni la walio hai."

Waya alikuwa mshiriki namba tisa. Namba saba alijaribu kwa kidevu. Namba nane alifika kipimo cha themanini na tatu, akasimama, akainamia hadhira, akaondoka zake akilia kwa adabu. Mama alikaa safu ya nne, mtunzi pembeni yake. Mama alimuuliza kama anaumwa, kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa ya baridi. Mtunzi akasema hapana, mama, ni kwa sababu ya kufa. Mama akamwazima kitenge chake.

Waya alivua glavu. Majaji watano wakasogeza viti mbele, na mwenyekiti akatabasamu na kushika kalamu.

Alianza. Kurasa kumi na nane zilipita kama upepo wa mlangoni. Kufikia kipimo cha themanini, kidole, ambacho kwa miezi saba kilifundishwa jambo moja tu, kilianza kujinyoosha chenyewe kuelekea besi, pole pole, kama paka anayekwenda kwenye sahani. Nusu ya ukumbi iliinuka kukiona. Kama angekiacha tu, asingehitaji kufanya chochote. Kingefika chenyewe, na chuo kingekuwa chake. Kwenye kipimo cha themanini na mbili, Waya aliliinua paja kidogo kutoka kitini, akakivuta kidole chini yake, akakikalia.

Akapiga noti ile mahali ilipoandikwa kwanza.

Ukumbi ulitua mzigo. Watu walioujua wimbo huo miaka kumi na moja waliusikia wote kwa mara ya kwanza, na mtoto mmoja safu za nyuma alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyepewa kitu. Mtunzi alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Mama alipiga makofi katikati ya wimbo, jambo lililokatazwa na kanuni ya kumi na nne, akaonywa kwa kidole na mtu wa mlangoni, naye akamrudishia kidole chake mwenyewe.

Matokeo yalisomwa saa kumi na moja jioni.

"Mshiriki namba tisa," alisoma mwenyekiti, "ameacha noti moja kwa makusudi, hali uwezo anao. Kidole anacho, nidhamu hana. Nafasi ya kwanza mwaka huu haitolewi." Aligeuza karatasi. "Hata hivyo kamati inafurahi kutangaza kwamba sasa imethibitika, mbele ya macho ya watu mia nne, kuwa kipimo cha themanini na nne kimo ndani ya uwezo wa mwanadamu. Kuanzia mwakani, fomu ya maombi itajazwa na urefu wa kidole, uliopimwa na mwalimu. Ambao hawajafika rula mbili wasijisumbue."

Watu walipiga makofi. Walimu waliandika.

Mtunzi aliomba kukata rufaa. Aliambiwa rufaa huletwa na mshiriki, mwenye kitambulisho, aliye hai, na akapewa fomu aisome nyumbani. Aliondoka kwa miguu kurudi alikotoka, akibamiza kila geti alilopita, na mbwa wa mtaa mzima walibweka hadi alipofika.

Kwenye ukumbi wa nje mama alimfunga Waya vifungo vya sweta, ingawa havikuwa wazi.

"Umepiga vizuri."

"Nimekosa chuo, mama."

"Nimesikia walivyosoma. Na ulichopiga nimekisikia pia, sina pamba masikioni." Mwenyekiti alipita amebeba mkoba wake. "Mungu akuone," mama alimwambia, kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kutukana, na mwenyekiti akaitikia "Amina, mama," akaendelea na safari yake.

Kidole hakikurudi.

Jumatatu tatu baadaye, Waya alikuwa akipita kwenye korido ya vyumba vya mazoezi akielekea kuchukua vitabu vyake. Katika vyumba vyote sita kulikuwa na mtu, na katika vyote sita palipigwa kipimo kimoja, kama kilivyochapwa. Alifungua mlango wa namba tatu. Ndani alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza mwenye mwanya, miguu haijafika vizuri sakafuni, ulimi nje kwa juhudi.

"Si hivyo," alisema Waya. "Hiyo noti ni ya huku juu, jirani na gumba. Kitabu kimekosea."

"Najua, dada. Nilikuwepo ukumbini, mimi ndiye niliyecheka. Yako ilikuwa nzuri sana."

"Sasa mbona unapiga hii?"

"Fomu inataka rula mbili." Mtoto aliweka mkono wa kushoto juu ya goti na kuunyoosha, si bila maringo kidogo. Kidole kidogo kilivuka goti na kuning'inia. "Mimi nina nusu rula. Mwalimu ameandika maendeleo mazuri. Dada, eti kikifika rula moja kinauma?"

Waya alifikiria kudanganya. Alikuwa hodari wa kudanganya; shule nzima ilijua.

"Kinauma."

"Sana?"

"Sana. Wiki tatu. Unasikia mfupa unavutwa. Usilalie upande wa kushoto, na usimwambie mama yako, atalia."

Mtoto aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika moyoni. Alishukuru, akaomba mlango ufungwe, kwa kuwa alikuwa amebakiza dakika kumi na moja.

Waya aliufunga kwa nguvu hata kibao cha namba kikang'oka na kudondoka sakafuni. Ndani, kipimo cha themanini na nne kilianza upya.