Kijiko Kisichopakwa Bati

Bukari, ugali wa nyumbani kwao, ilikuwa imepoa tena, na mkono wa Papa Banza ulikuwa bado juu ya goti lake.

Katika nyumba ile ya Panda, mtaa wa Likasi, moja ya nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa ajili ya wafanyakazi wa shaba, baba ndiye aliyefungua sahani. Yeye alikata tonge la kwanza, akachovya, akameza, ndipo wengine waliponyoosha mikono. Hakuna aliyewahi kuifundisha sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja. Sasa baba hakukata, na sahani ilikaa imefungwa mbele ya mkewe na watoto wake wawili wakubwa, wote wenye njaa.

"Papa, fungua," alisema Mama Élisabeth. "Hata kidogo. Batoto beko na njaa."

"Bakule. Nani anabakataza?"

"Weye njo unabakataza. Mukono yako."

Papa Banza alikata tonge dogo kama karanga, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, akalitafuna muda mrefu kama mtu anayetafuna kitambaa. Mwisho akalitema kiganjani na kulitazama.

"Hakuna muntu ndani," alisema.

Wakala hivyo hivyo, haraka, vichwa chini, kwa sababu tonge lile dogo lilikuwa limehesabika kuwa ni kufungua.

Papa Banza alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mabeseni ya asidi ya kiwanda kimoja kidogo, ambacho wenyewe walikwisha kukifunga na kuondoka. Huko mawe yalilowekwa mpaka asidi ikayanyang'anya shaba yote. Mvuke wake ulianza na pua. Ulimwondolea harufu ya sabuni, kisha harufu ya samaki, kisha harufu ya mke wake. Halafu ulimi nao ukazimika. Chumvi, sukari, pilipili, vyote vikawa mchanga na maji. Tumbo lake halikuwa na ugonjwa; Ruffin, muuguzi wa kituo cha afya, alilipapasa na kusema hivyo. "Huyu ataumwa na kukosa kula tu," alisema. Na mabega ya Papa Banza yalikuwa yameanza kuonekana ndani ya shati kama hanga la kutundikia nguo.

Binti yake, Émérence, alikuwa na diploma ya ufundi wa metali. Nyuma ya nyumba, chini ya mabati, aligonga mabamba ya shaba akitoa picha za wanawake wanaotwanga na za vichwa vya swala, zile ambazo wageni hupenda kutundika sebuleni. Tangu baba alipoacha kula, aliwaacha swala. Aliwaza hivi: pua imekufa, ulimi umekufa, lakini mdomo una vitu vingine. Una midomo inayojua baridi na joto. Una meno. Juu yake kuna masikio. Mtu anakula na vyote hivyo, ila hajui, kwa sababu ulimi unapiga kelele kuliko wengine. Basi atatengeneza kijiko cha kuwaamsha wale walionyamaza.

Cha kwanza alikipiga vinundu chini, vidogo kama vipele, vikwaruze ulimi wakati wa kupita. Papa Banza alikitia mdomoni akakitoa.

"Ni kama kulamba barabara ya Kamatanda," alisema.

Cha pili alikitia mpini wenye uwazi ndani, akaweka punje za malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ili kila kikiinuliwa kilie kama mafuta yanayokaanga. Hénoc, mdogo wake, ambaye alichimba mawe huko Kamatanda na kurudi nyumbani mwekundu kwa udongo mpaka kwenye kope, alikitikisa akacheza mabega, akamwuliza dada yake.

"Yaya, ile njo kijiko ao chombo ya korali?"

"Acha kintu ya batu."

"Minauliza tu! Siku ya Mungu tutaipeleka kanisa. Papa anakula, korali inaimba."

Hata Papa Banza alicheka. Lakini kucheka si kula. Alisikiliza mafuta yasiyokuwepo yakikaanga, akachota, akatafuna, akatema.

Cha tatu Émérence alikipiga chembamba sana, ukingo wake mwembamba kama jani la mahindi, kwa sababu shaba hubeba moto upesi kuliko chuma, na alitaka joto la mchuzi lifike kwenye midomo kabla ya mchuzi wenyewe. Hakukimaliza. Shaba ya jikoni hupakwa bati la kuyeyusha, ili isiingie kwenye chakula. Hilo alifundishwa shuleni, na kipande cha bati kilikuwa kwenye rafu yake, kimefungwa kwa gazeti. Lakini kwanza alitaka kujaribu umbo. Siku hiyo mama yake alikuwa amepika ngai-ngai, yale majani machachu, kwa nyanya nyingi, na kukamulia ndimu juu, akitumaini kwamba ukali utamshtua mumewe.

Papa Banza alichota. Akafunga mdomo. Kisha akabaki na kijiko mdomoni, hakitoi, macho yamemtoka.

"Papa?" alisema Émérence. "Imekuunguza?"

Alitikisa kichwa. Alikitoa polepole, akakilamba nyuma, akakilamba mbele.

"Kuko muntu," alisema.

"Nini? Unasikia nini? Chumvi?"

"Hapana chumvi. Ni yeye. Shaba." Akachota tena, akameza, na koo lake likapanda na kushuka, na wote watatu wakalitazama. "Minaisikia huku, pembeni. Na nyuma yake kuko kintu ingine, kichachu. Mama Élisabeth, ulitia ndimu?"

Mama Élisabeth alishika mdomo kwa mikono miwili.

Tangu hapo sahani ikafunguka. Papa Banza aliketi kabla hajaitwa. Alikata bukari kwa kijiko, jambo ambalo Panda nzima ingelicheka, na Hénoc alilicheka kwa niaba ya Panda nzima.

"Papa, bukari na kijiko? Kama muzungu?"

"Muzungu alikula shaba yetu yote na kijiko yake. Minye minakula hii kiloko yenye ilibakia. Kuko mashtaka?"

Hapakuwa na mashtaka. Mashavu yake yalirudi. Mama Élisabeth alianza tena kuimba akipuliza mbabula, jiko lake la makaa. Naye Papa Banza akawa anadai. Leo nyanya zaidi. Kesho ndimu mbili. Akagundua kwamba kijiko kikilala ndani ya kikombe cha maji ya ndimu, asubuhi ladha huwa kubwa zaidi. Na asubuhi kijiko kiliamka na ukungu wa kijani kwenye shimo lake, kijani kizuri kama shingo ya njiwa, naye alikilamba kabla ya chai.

Likasi si mji wa watu wasiojua kijani hicho. Mtoto wa mtaa wa viwanda wa Shituru anayejua kutembea anajua kwamba kitu kichachu kinakula shaba; mji mzima umesimama juu ya jambo hilo. Hénoc alikuwa ameona vijito vya kijani ambavyo hata mbwa hanywi. Mama Élisabeth, alipokuwa msichana, alimwona shangazi yake akimwaga sufuria nzima ya ngai-ngai kwa sababu ililala ndani ya chombo cha shaba. Émérence alikuwa na bati kwenye rafu, na kila alipopita alisema moyoni: acha kwanza apate mwili. Hakuna aliyekuwa hajui. Lakini sahani ilikuwa inafunguka kila siku, na mtu wa kwanza kusema ndiye angekuwa mtu wa kuifunga.

Papa Banza akaanza kutoka baada ya kula. Alisema anakwenda kutazama mihogo nyuma ya nyumba. Émérence alimkuta ameinama ukutani, akitapika maji ya rangi ya majani. Alijifuta kwa shati na kumkonyeza.

"Usiambie mama yako. Atanikatalia ndimu."

Alipomwinua uso ili ampeleke ndani, aliona macho yake. Weupe wa macho ulikuwa umekuwa wa njano.

Kwenye kituo cha afya Ruffin alimbonyeza chini ya mbavu za kulia, na Papa Banza akaguna. Ruffin akamgeukia Mama Élisabeth.

"Ini yake imevimba. Anakunywa pombe?"

"Hakunywe. Yee ni muntu ya kanisa."

"Basi anakula nini?"

Mama Élisabeth alimtazama Émérence, na Émérence akasema yote: kijiko, ndimu, kikombe. Ruffin hakumgombeza. Alisema tu kwamba kijiko hicho kisimguse tena, na kwamba hana dawa ya kulifanya ini lisahau.

Jioni ile ile Émérence alikipasha kijiko juu ya makaa, akakisugua, akayeyusha bati, akalizungusha ndani mpaka shaba yote ikafunikwa na weupe. Kilikuwa kizuri kuliko vijiko vyote alivyowahi kutengeneza. Alikiweka mbele ya baba. Papa Banza alikitia mdomoni mara moja tu.

"Umemutoa," alisema.

"Papa, kijiko ni ile ile."

"Weye unadanganya nani? Minye nilizeekea mu mabeseni. Asidi inakula shaba, shaba inaingia mu maji. Njo kazi nilifanya. Unawaza ndimu ni nini? Ni mutoto wa asidi."

"Ulikuwa unajua."

"Na weye, haukujua?"

Papa Banza alirudisha mkono juu ya goti.

Sahani ikafungwa. Haikuwa kama zamani. Zamani alijaribu tonge la karanga. Sasa hakujaribu. Walimpa uji, akaacha utiririke pembeni ya mdomo, si kwa ukaidi, bali kama mtu aliyesahau mlango uko upande gani. Baada ya hapo Hénoc, aliyekuwa ametoka kuchimba tangu alfajiri bila kitu tumboni, alinyoosha mkono akakata tonge la kwanza mwenyewe. Mama Élisabeth alimpiga kofi mkononi, na tonge likaanguka kwenye mkeka.

"Papa yako amekufa?"

"Mama, njaa..."

"Minakuuliza: amekufa? Mutoto anafungua sahani siku baba eko mu kaburi. Unamuzika na macho yake inatazama?"

Papa Banza alikuwa anatazama kweli. "Muache akule," alisema, lakini hakuna aliyekula.

Jikoni, Mama Élisabeth alimshika binti yake kiwiko.

"Toa ile bati."

"Mama, ni sumu. Ruffin alisema."

"Na njaa, yee ni dawa? Ruffin alisema njaa itamufanya nini? Mumutazame. Anakufa kwa njia yenu muzuri, yenye haina kosa."

"Minye siwezi kumupa baba yangu sumu na mukono yangu."

"Ulishamupa, mwana wangu." Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Sasa unamupa ile ingine."

Émérence alikaa chini ya mabati yake na kipande cha msasa. Alikata shauri la kifundi, kwa kuwa la kibinti hakulipata. Hakukwangua shimo la kijiko, ambamo mchuzi hukaa. Alikwangua ncha peke yake, mbele, mahali panapogusa ulimi kwanza, doa dogo kama ukucha. Shaba ikachungulia, nyekundu. Kisha akamwambia mama yake apike maharage tu. Hakuna nyanya, hakuna ngai-ngai, hakuna ndimu. Shaba isikute kitu cha kuitafuna.

Papa Banza alichota maharage. Alisubiri.

"Eko mbali," alisema. "Lakini eko."

Akala. Alikula matonge machache, na wengine wakanyoosha mikono wakala naye. Halafu akamnyooshea binti yake kijiko.

"Ongeza fasi. Kwangua tena."

"Hapana, Papa."

"Kiloko tu."

"Hapana. Njo hapo itabakia."

Hakubishana. Aliinuka akishika ukuta, akaenda mpaka mlangoni, akaketi kwenye kizingiti cha simenti, na kuanza kukisugua kijiko, upande wa ndani, kwenye pembe ya simenti. Hénoc alisimama, lakini Émérence alikuwa amekwisha kufika. Alimshika baba yake kifundo cha mkono. Kilikuwa kitu cha kuvunjika. Mtoto wa shule angeweza kukizuia. Mkono uliendelea kwenda na kurudi chini ya mkono wake, bila haraka, jinsi watu wa kazi wanavyofanya wanapojua kazi ni ndefu, na weupe wa bati ulibaki juu ya simenti kama unga.

Émérence aliachilia. Aliingia jikoni, akachukua ndimu zote kutoka kwenye kikapu, akatoka nazo nyuma na kuzitupa ng'ambo ya ukuta, moja moja, kwa nguvu zake zote. Mama Élisabeth alisimama kwenye mlango wa jikoni akamwacha azitupe.

Waliporudi, Papa Banza alikuwa ameketi mahali pake. Kijiko kilikuwa chekundu chote ndani. Alichota maharage, akafumba macho, akameza.

"Ndimu?" aliuliza.

"Hakuna tena mu hii nyumba," alisema Émérence.

"Basi." Alichota tena. Alikitazama kijiko kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye ukingo wake mwembamba. "Mwana wangu, hii kijiko yako ni nyembamba. Nikiisugua kila siku itakwisha mbio."

"Utakwisha weye mbele yake, Papa."

Alifikiri, akitafuna.

"Basi inanitosha," alisema, akamsogezea binti yake sahani ili ale.