Aketch na Sala ya Macho Wazi

Saa moja kasorobo kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, laini ya nne ya kiwanda cha nguo pale Ruiru huinamisha vichwa na kuomba. Aketch peke yake huomba macho kodo. Si kiburi. Akiyafumba tu, usingizi unambeba hapo hapo alipo wima, hata kama jana alilala mapema, saa mbili usiku. Daktari wa Thika alimwambia ni ugonjwa wa ubongo, hauponi ila una dawa za kumsaidia mtu akae macho. Akampa barua.

Supavaisa Kang'ethe, ambaye Jumapili ni mzee wa kanisa, aliisoma akacheka.

"Ugonjwa wa usingizi? Hata mimi niko nao kila Monday."

Na ni yeye huyo aliyeanza kunong'ona kwamba mwanamke asiyefumba macho mbele za Mungu ana mwingine anayemwabudu. Watu wazima, na akili zao, wakameza! Hata Tabby wa mashine ya pili, aliyekuwa akimfinya kumwamsha kila aliposinzia, alisogeza kiti mbali.

Leo Kang'ethe alikuwa na orodha ya vibarua watakaoandikwa kazi ya kudumu. Aketch akiandikwa, bima ingemlipia zile dawa. Asipoandikwa, arudishe aproni aende nyumbani. Kang'ethe akatangaza kwamba maombi yataongozwa na Aketch.

"Na macho ufunge. Sote tukuone."

Angekataa, jina lingekatwa. Akafunga. Hakumaliza hata mstari wa kwanza wa Baba Yetu, usingizi ukambeba, akaanguka akapasua mdomo kwenye mguu wa meza.

Mwili ulilala, masikio yakabaki macho; ugonjwa huo una ukatili wake. Alisikia mikono ikimkandamiza kichwa, pepo akikemewa, Tabby akikemea kuwashinda wote. Kisha Kang'ethe, kwa sauti yake ya kila siku, akamwambia Mumo, kibarua mwingine, akalie mashine ya Aketch, oda haingoji mtu.

Mwili uliporudi, Mumo alikuwa ameshaanza kushona na hakuinua uso. Kang'ethe alinyoosha mkono kudai aproni.

"Sijamaliza kuomba," Aketch alisema.

Akasimama katikati ya laini, damu kidevuni, macho wazi yakimkazia Kang'ethe, akaanza upya polepole. Alipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, akasema:

"Hapo naruka."

Akaendelea mpaka Amina, akavua aproni, akaiacha sakafuni.