Kambale wa Mpira

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, hapana, na Nasma alikuwa akilifanyia mazoezi tangu asubuhi. Alilisema akiosha vikombe, akalisema akichambua mchele, akalisema tena uani akianika mataulo. Peke yake lilimtoka vizuri. Shida ni kwamba jioni angetakiwa kulisema mbele ya baba yake, na mbele ya watu Nasma alikuwa mtu wa kula mboga isiyo na chumvi kuliko kuomba chumvi.

Angekuwa anataka kukubali, kazi ingekuwa nyepesi. Kwao msichana akiulizwa habari ya posa akakaa kimya, wazee husema haya zimemzidi, amekubali, na dua huombwa hapo hapo. Anayekataa ndiye mwenye kazi ya kufungua mdomo. Nasma aliiona hatari hiyo waziwazi: angeweza kuolewa kwa kukosa sauti tu.

Mposaji alikuwa Yassin, kijana wa Nansio aliyefungua duka Nyakato, la kuwawekea watu muvi kwenye flashi. Hakuna aliyemsema vibaya. Shangazi Fadhila, dada wa baba, alikuwa amempeleleza mpaka kwa mama ntilie anakokula, akarudi ameridhika. Kasoro yake moja wateja waliitaja kwa kucheka: alijua sinema kupita kiasi. Za Kichina, za Kituruki, za Kifilipino, za majoka, za mizimu, za maroboti yaliyotengenezwa kwa maboksi. Alijua ipi imetoka jana na ipi itatoka mwakani. Ukimtajia moja, anakuambia steringi, yule mhusika mkuu, aliwahi kucheza wapi, adui ni nani, na nani anakufa.

Nasma mwenyewe alizipenda sinema hizo kuliko kitu kingine chochote. Alizipenda hasa zile mbovu, ambazo kamba inayomning'iniza popo inaonekana na damu ni rangi ya ukutani. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye juu yake. Kwa hiyo mtu kama Yassin angemfaa sana, isingekuwa ile sinema ya baba.

Ile sinema ilinunuliwa na marehemu mama yake, Mwaija, kwenye kibaraza kimoja Makoroboi, enzi ambazo CD ziliuzwa kama karanga. Zilikuwa CD mbili ndani ya ganda moja. Maandishi ya ganda yalikuwa ya nchi za huko mashariki, hakuna aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo muuzaji alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: A na B. Nyumbani waliipa jina lao, Kambale.

Muuzaji aliandika kinyume. Aliyoiita A ndiyo ilikuwa ya pili. Basi katika nyumba ya Muharami, mwuza nyavu wa Pasiansi, miaka yote sinema ilianzia katikati na kuishia katikati. Ikiwashwa tu, kambale mkubwa kama basi anavunja gati. Mzee mwenye kivuko anavaa pama lake, anaingia mtumbwini na mzigo wa baruti, binti yake analia ukingoni. Kambale anammeza. Maji yanalipuka. Pama linabaki likielea, kisha majina yanapanda kwenye kioo kwa muda mrefu, na muziki wa huzuni.

"Hayo ni majina ya waliochangia msiba," Muharami alisema siku ya kwanza, na Mwaija alicheka mpaka akashika mbavu.

Wakaweka CD ya pili. Mzee yule yule akatokea gatini asubuhi, pama kichwani, akimwita binti yake aje wanywe chai. Amerudi. Hawakushangaa sana, sinema za huko zina miujiza yake, na steringi hafi. Iliishia kwenye karamu, gati zima limewashwa taa, watu wanakula samaki, mzee anacheka, kioo kinakuwa cheusi.

Mwaija alipougua, Nasma aliacha shule akiwa darasa la tano ili amuuguze, na jioni nyingi mgonjwa aliomba jambo moja: awekewe ile ya kurudi. Baada ya mazishi Muharami aliendelea kuitazama, hasa akipata mgeni wa heshima. Na kila mara yule mzee wa sinema alipotokea gatini, Muharami alisogeza kiti chake mbele kidogo.

Mwaka juzi Nasma aliikuta sinema hiyo kwenye simu ya rafiki yake Sabina, nzima, bila kukatwa. Ilianza na chai ya gatini. Iliishia na pama majini. Nasma alimshukuru Sabina, akarudi nyumbani, akasonga ugali, na hakumwambia mtu.

Sasa leo anakuja mtu anayejua mwisho wa kila kitu. Akioa hapa, atakaa pembeni ya baba kila Idi na kila msiba, na siku moja atasema, mzee, hii mmeiweka kinyume. Kwa hiyo, hapana.

Wageni walifika baada ya adhuhuri. Yassin alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na alifuatana na mjomba wake, Mzee Muhidin, aliyevuka kwa meli kutoka Nansio kwa ajili ya shughuli hiyo. Nasma aliwapokea akiwa ameinamisha macho.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Muhidin. "Sauti iko wapi? Au imebaki jikoni inageuza pilau?"

"Mwache," alisema Fadhila. "Huyu maneno yake tunayatunza. Hayatumiki kila siku."

Walikula. Vyombo vilipotolewa, Muharami alifuta mikono, akafungua kabati la televisheni na kutoa ganda lililofifia rangi.

"Kaka," alisema Fadhila, "leo tu tupumzishe na samaki wako."

"Mgeni ni mtu wa sinema. Tumpumzishe na nini?" Muharami alimpa Yassin ganda. "Hii umewahi kuiona?"

Yassin aliligeuza, akatazama picha za nyuma, akaligeuza tena. "Nimeona nyingi za samaki, mzee," alisema. "Hebu tuione."

Nasma alileta sinia la karanga, kisha akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni. Kutoka hapo kioo hakikuonekana vizuri. Nyuso za watu zilionekana.

Gati lilivunjika. Yassin aliinua kichwa haraka, akaitazama deki ya CD, akalitazama ganda mapajani mwake, akafungua mdomo. Nasma alishika ukingo wa kigoda. Kijana alibaki hivyo kidogo, kisha akaufunga mdomo na kujikuna kidevu.

"Huyo kambale ana zipu," alisema Muhidin.

"Ana zipu, ndiyo," alisema Muharami kwa fahari. "Na mguu wa mtu utauona sasa hivi. Tulia."

Mguu ulionekana. Muhidin alicheka mpaka akakohoa.

"Mwili ni mpira wa ndani wa matairi, mzee," alisema Yassin. "Kuna mtu tumboni anachezesha mkia. Niliwahi kuona picha wakiushona."

"Nilijua," alisema Muharami. "Ule mshono si wa mashine, ni wa mkono. Mtu amekaa kitako akaushona, kama sisi na nyavu. Fadhila, unasikia?"

"Nasikia. Mnasifia zipu."

Nasma alitabasamu pale mlangoni, kivulini, ambako hakuna aliyemwona. Hapo ndipo alipomwona Yassin akinyoosha mkono na kuvuta kikombe chake cha chai kutoka ukingoni mwa meza mpaka katikati, akakifuatishia na cha mjomba wake. Hakukuwa na sababu. Kwenye kioo maji yalikuwa yametulia. Kisha kambale akaruka, Muhidin akashtuka, goti lake likaipiga meza, na chai haikumwagika.

Ameshaiona, Nasma alijua. Ameiona na anaikumbuka mpaka hapa.

Mzee alimezwa. Majina yakaanza kupanda.

"Waliochangia msiba," alisema Muharami.

Yassin alicheka, kicheko cha kweli, kilichomjia bila kujiandaa. "Na huyu wa chini kabisa katoa kidogo. Tazama jina lake lilivyo dogo."

Muharami alimpiga begani, akainuka kuweka CD ya pili. Chai ikatokea, gati likatokea, pama likatokea. Muharami alisogeza kiti mbele.

"Ngoja kwanza," alisema Muhidin. "Huyu si kaliwa? Tumemwona hapa hapa akiliwa."

"Amerudi," alisema Muharami, bila kugeuka.

"Amerudi vipi, na baruti yote ile? Au mmekosea kuweka?"

Fadhila aliacha kutafuna karanga. Muharami alikaza macho kwenye kioo. "Yassin," alisema, "wewe ndiye mtaalamu. Mwambie mjomba wako."

Nasma alisimama. Hakujua amesimama kufanya nini. Labda kuangusha sinia, labda kuzima umeme wa nyumba nzima. Yassin aliitazama televisheni, kisha akautazama mgongo wa mwenyeji wake na kile kiti kilichosogezwa.

"Mjomba," alisema taratibu, "aliyemmeza ni kambale wa mpira. Mpira hausagi kitu. Mtu anakaa mle tumboni, akichoka anatoka."

"Kwa zipu?"

"Zipu wameiweka ya nini?"

Muhidin alicheka, Fadhila akacheka na mtandio mdomoni, na Muharami akacheka kuliko wote, huku macho yake yakiwa bado kwa mzee wa gatini. Nasma alikaa tena. Neno lake la asubuhi alilitafuta, lakini halikuwapo alipoliacha.

Sinema ilipokwisha, Fadhila aliwatoa Nasma na Yassin wakakae barazani. "Kaeni muone ziwa," alisema. "Mlango uko wazi, na masikio yangu yako wazi zaidi."

Chini ya mtaa, kati ya mawe, maji yalikuwa yameanza kuwa ya kijivu. Walikaa kila mmoja kwenye ukingo wake wa baraza. Kisha Nasma, akitazama vidole vyake, akasema, "Umeshaiona."

"Nimeiona. Kwetu Nansio, kwenye banda la video, nikiwa mdogo."

"Walianza na ipi?"

"Walianza na chai."

Nasma alitikisa kichwa kukubali. Yassin alimgeukia. "Kumbe unajua."

"Tangu mwaka juzi."

"Na hukumwambia."

"Na wewe umeanza kusema ukaacha."

"Niliacha mara mbili," alisema Yassin. "Ya kwanza kwa adabu tu, mgeni hasahihishi deki ya watu. Ya pili ni pale baba yako aliposogeza kiti." Alikuna kidevu. "Dukani mtu akiuliza nani anakufa, namwambia. Ndiyo anachotaka kujua. Hapa hakuna aliyeuliza hivyo."

Nasma alilifikiria hilo. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliuliza kitu kwa sababu tu alitaka kukijua. "Ule mkia, ni mtu mmoja kweli? Mbona pale darajani unapinda pande mbili?"

"Wawili. Pale darajani waliingia wawili." Yassin alijisogeza kidogo, akakumbuka masikio ya shangazi, akarudi alipokuwa. "Ipo nyingine inakuja. Mwakani. Binti amekuwa mtu mzima, mwigizaji ni yule yule, sasa kivuko ni chake. Trela imetoka wiki hii."

Alitoa simu, akaiweka katikati ya baraza, wakaitazama kila mmoja kutoka upande wake. Kambale safari hii alikuwa wa kompyuta, anang'aa, na wote wawili walikunja uso kwa pamoja. Kisha ikapita nyumba ya yule binti. Ukutani, kwenye msumari, lilitundikwa pama.

"Mzee mwenyewe hayumo," alisema Yassin. "Baba yako atasikia tu kwamba inakuja, watu wataileta. Hilo ndilo sijui atakavyolipokea."

Nasma aliomba irudishwe nyuma, akalitazama pama tena.

Wageni walipotoka kwenda kutawadha kwa ajili ya magharibi, Muharami alibaki sebuleni na binti yake. Fadhila alikaa pembeni, viganja vimeshakuwa tayari kwa dua.

"Mwanangu," alisema Muharami, "watu wanataka jibu. Nikupe mimi au nikusikilize wewe?"

Nasma alitazama mkeka. Kimya kilikaa, kikakaa.

"Alhamdulillahi," alisema Fadhila, akiinua mikono. "Amenyamaza."

"Sijanyamaza, shangazi," alisema Nasma. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Mikono ya Fadhila ilibaki hewani. Muharami aliinama mbele.

"Nimemkubali," alisema Nasma. "Nasema kwa mdomo wangu ili msije mkasema ni haya."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

Muharami alivuta pumzi. "Na nini kimekupendeza kwake? Lile duka?"

"Anajua kutazama sinema na watu."

Baba yake alilipima jambo hilo. "Kweli," alisema. "Mzee alipotokea, hakunisemesha hata kidogo." Alianza kuzirudisha CD ndani ya ganda, A juu, B chini, kama alivyozoea. "Ameniambia mlangoni ipo mpya inakuja. Ya binti. Nikamuuliza kama mzee yumo, akasema nikuulize wewe, umeiona trela vizuri zaidi."

Nasma alielewa kwamba kijana amemwachia neno hilo. Aliinua uso.

"Mzee amekwenda kuvua, baba," alisema. "Pama lake liko nyumbani, ukutani. Nimeliona."

Muharami alilifunga ganda, akalipangusa kwa kiganja.

"Kama pama liko nyumbani, hajaenda mbali," alisema. "Basi tutaingoja."