Kochi la Nekoye

Jumamosi asubuhi Nekoye alikuwa akisugua sufuria nje ya mlango wake huko Makongeni, Thika, pikapu ilipoleta kochi. Ndung'u, fundi wa Gitothua, alikuwa amelitengeneza kwa mkopo: la watu saba, rangi ya maziwa, bado limefungwa nailoni. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Lakini zamu ya Nekoye kukaribisha wanawake wa chama chake cha akiba ilikuwa imekaribia, na mara ya mwisho wageni wake walikalia kitanda.

Kochi lilianza kukua wiki hiyo hiyo. Maxine, binti wa pekee wa Nekoye, ndiye aliyeliona kwanza.

"Baba, limefika kwa meza."

Dalmas, babake, akatoa meza nje. Akampigia Ndung'u simu.

"Kochi za kulipa pole pole huwa zinaongezeka," Ndung'u alisema. "Mkimaliza, litatulia."

Basi Dalmas akaomba zamu za ziada kwenye kiwanda cha juisi alikokuwa mpakiaji. Siku nyingi alirudi Maxine ameshalala, akaondoka kabla hajaamka.

Wanawake wa chama walikuja, wakakaa, wakasifu. Walitoka mmoja mmoja, kwa ubavu, maana mlango ulikuwa unafunguka nusu.

Kitanda nacho kikauzwa. Walilala sakafuni, kwenye mwanya uliobaki kati ya kochi na ukuta, Maxine akiwa katikati.

"Si mtoto alale hapo juu?" Dalmas aliuliza.

"Akilichafua na tushindwe kulipa, Ndung'u atakubali kulichukua?"

Dalmas alivuta blanketi. Hata yeye hakuwahi kulikalia.

Mwanya ulipowatosha wawili tu, walimpeleka Maxine Bungoma kwa nyanyake. Nekoye alimwambia ni kwa muda. Kochi lilipoziba mlango kabisa, walianza kupitia dirishani. Dalmas alitangulia kushuka, kisha akampokea mkewe kiunoni. Majirani waliwasalimu, wakaendelea kuanika nguo.

Mwezi uliofuata mkono wa kochi ulitoboa ukuta ukaingia kwa jirani, Njambi. Wainaina, mwenye nyumba, alikuja akatazama pande zote mbili, kisha akamwongezea Dalmas kodi kwa sababu ya nafasi aliyotumia kwa jirani. Dalmas akachukua na zamu za Jumapili. Njambi hakununa. Aliizunguka nailoni iliyokuwa upande wake, akairarua, akatandika shuka juu ya kochi.

Shule zilipofungwa Desemba, Maxine alirudi. Alikuwa amerefuka. Alisimama nje ya dirisha na mkoba wake, akachungulia ndani.

"Nitalala wapi?"

Dalmas alimtazama mkewe. Nekoye alitazama kochi, ambalo sasa lingewatosha watu kumi na wawili.

"Mama Maxine, mlete kwangu," Njambi aliita kutoka upande wa pili. "Nafasi iko."

Nekoye alimpa mtoto chai na mkate kupitia dirishani, akambusu kwenye paji la uso. Alitamani kumshika zaidi, lakini kiwiko chake hakikupita vizuri. Kisha yeye na Dalmas wakajilaza kwenye mwanya wao, migongo ikigusana.

Baada ya muda walisikia springi zikilia ukutani. Maxine alikuwa amepanda kochi upande wa Njambi.

Dalmas alifumba macho. Nekoye aligonga ukuta kwa kidole.

"Maxine. Umevua viatu?"

"Nimevua, Mama."

"Basi usigeuke-geuke."

Springi zikanyamaza.