Mwenye Amri ya Kibanja

Twagirayezu alikuwa amesimama katikati ya kibanja, jembe begani, kikapu cha kahawa miguuni, na hakuwa akifanya lolote. Jua lilikwisha kupenya majani ya migomba na kumwachia mabaka ya mwanga mgongoni. Elpidius, aliyekuwa akinywa uji barazani, alimtazama kwa hasira kwanza, kisha hasira ikaupisha udadisi. Mtu mvivu hujiegemeza au huketi. Huyu alikuwa wima, shingo ameinyoosha, kama anayesikiliza sauti ya mbali.

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa huko Kanoni, mwaka wa themanini na sita. Elpidius alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, na hakuwa na muda mrefu tangu arudi kutoka Moshi kwenye mafunzo ya uongozi. Alikuwa amerudi na macho mapya. Kila alichokitazama, iwe foleni ya wakulima au kwaya ya kanisani, alikiuliza moyoni: nani anamwamuru nani hapa, na kwa nini? Nyumbani kwake hakuwahi kuliuliza swali hilo.

Alimwendea kibarua wake, akamuuliza mbona amesimama.

"Nasubiri," alisema Twagirayezu.

"Unasubiri nini?"

Twagirayezu aliinamisha macho. Alivuka kutoka Rwanda angali kijana, akalima mashamba ya watu mpaka mvi zikamwota, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akikataa agizo la mtu. "Nasubiri mmoja wenu aondoke," alijibu.

Elpidius alimdodosa mpaka mambo yakawa wazi. Alfajiri, Ma Anatolia, mama mzazi wa Elpidius, alikuwa amemtuma akakate nyasi za kutandaza chini ya migomba. Njiani akakutana na Joviana, mke wa Elpidius, ambaye wengi walimwita mama Projest kwa jina la mwanawe, akapewa kikapu ili achume kahawa kabla mbivu hazijadondoka. Kisha Elpidius mwenyewe akampungia mkono kutoka barazani, kumkumbusha mtaro wa maji. Akishika kazi ya mmoja, anawaudhi wengine. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kusimama mahali ambapo hakuna anayemwona vizuri. Leo tu alikuwa amekosea mahali.

Elpidius alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimkumbuka mkufunzi wao wa Moshi akichora ubaoni kisanduku cha mkuu, na mstari mmoja ukishuka hadi kwa mfanyakazi. Mmoja tu, alikuwa akisisitiza, na kugonga ubao kwa chaki. Wakati ule Elpidius alidhani hilo ni somo la viwanda na ofisi. Sasa aliiona mistari lukuki ikimshukia mtu mmoja kati ya migomba, huku kahawa nyekundu ikiozea ardhini.

Jioni aliiketisha familia. Yeye alikuwa akishinda mizanini, na umri wa mama yake ulikuwa umekwenda. Kwa hiyo, alieleza kwa upole, kuanzia kesho Twagirayezu atapokea maagizo kwa Joviana peke yake.

Ma Anatolia alisikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani. Aliletwa katika kibanja kile akiwa bibi harusi, wakati migomba ilipokuwa haijavuka uani. Yeye na marehemu mumewe ndio waliokisogeza hadi bondeni.

"Na mimi nimwambie nani?" aliuliza.

Elpidius alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, lakini si hilo. Alimwambia mama yake kwamba sasa amefikia wakati wa kupumzika.

"Haya, mwanangu," alisema Ma Anatolia.

Kazi ikanyooka. Kahawa ikajaa majamvini, migomba ikapata nyasi zake, na Twagirayezu akaanza kuimba nyimbo za kwao akilima. Lakini Ma Anatolia, ambaye kila asubuhi alikuwa akizunguka kibanja na kupapasa mashina kama anayewajulia hali wagonjwa, sasa hakuvuka mlango wa jiko. Siku moja alimwendea Joviana akamuuliza, kwa adabu ya mgeni, kama anaweza kuruhusiwa kukata mkungu wa ndizi za mchana. Elpidius aliyasikia hayo akiwa ndani, na Joviana hakujua atazame wapi.

Swali likaenda naye kazini. Katika mchoro ule wa ubaoni, anakaa wapi mtu asiyeamuru wala kuamriwa, lakini kila kilichosimama shambani kimepita mikononi mwake? Alifikiri kumrudishia mama yake amri, akamwona tena akilini Twagirayezu wima katikati ya migomba, akaghairi.

Kisha ikatokea kwamba jirani yao Kashaija alihitaji mtu wa kumsaidia kujenga banda la harusi ya bintiye. Palepale mizanini Elpidius alimwahidi kwamba atampa Twagirayezu. Aliporudi nyumbani alimkuta kibarua akinawa miguu, akamwambia kesho aende kwa Kashaija.

Twagirayezu alimaliza kunawa mguu wa pili.

"Mwambie mama Projest," alisema taratibu. "Yeye ndiye ataniambia."

Uso ulimwaka Elpidius. Hasira na kicheko vilimpanda kwa pamoja, visijue kipi kitangulie. Siku ile alipoiondoa amri mikononi mwa mama yake, hakuona kwamba anaiondoa mikononi mwake pia. Alidhani yule anayechora mistari hukaa nje ya mchoro.

Alimtafuta Joviana jikoni, hakumkuta. Akafuata sauti hadi chini bondeni. Ma Anatolia alikuwa ameinama kwenye shina la mgomba, akionyesha chipukizi la kuachwa na la kung'olewa, na Joviana ameweka kidevu juu ya mpini wa jembe, anasikiliza.

"Nilisema..." alianza Elpidius.

"Ulisema amri ni yangu, baba Projest," Joviana alimkatiza, bila ukali. "Hukusema nisimuulize mtu."

Elpidius akaeleza shida ya Kashaija, na akaisikia sauti yake ikilegea kama ya wakulima wanaosimama mbele ya mizani yake kila siku. Joviana alimgeukia mama mkwe wake. Ma Anatolia alipangusa udongo viganjani, akaitazama migomba, akatazama mawingu upande wa Nyakakika.

"Tutaona," alisema, akarejea kwenye machipukizi yake.

Elpidius akachutama karibu nao, apate kusikia vizuri.